Honda CB350 ya mwaka 1971: gia ni ngumu, na nyutro haipatikani injini ikipata moto

Chuma cha Kale

Wakuu, salaam. Naomba msaada kuhusu Honda CB350 ya mwaka 1971, ile ya silinda mbili na gia tano, ambayo niliipata ikiwa imekaa muda mrefu bila kutumika. Kabureta zimesafishwa, umeme uko sawa, na injini inawaka vizuri kwa kiki na kwa kitufe. Kilichobaki ni gia.

Injini ikiwa ya baridi, gia ya kwanza huingia kwa kishindo na pikipiki huruka mbele kidogo, hata kama nimebana mkono wa klachi mpaka mwisho. Nikiwa barabarani, kupandisha kutoka gia ya pili kwenda ya tatu hutaka nguvu kiasi kwamba vidole vya mguu vinauma, na kushusha ni kazi zaidi. Injini ikishapata moto, nyutro haipatikani kabisa nikiwa nimesimama. Leva hutoka ya kwanza ikaingia ya pili, kisha ikarudi ya kwanza, bila kutua katikati. Kinachonishangaza ni kwamba nikizima injini papo hapo, nyutro hupatikana kwa kugusa tu.

Oili nimebadilisha, nikaweka 20W-50 ya magari. Waya wa klachi ni ule ule uliokuja na pikipiki. Fundi mmoja aliyeitazama alisema kuwa uma za gia zimepinda na kwamba lazima injini ishushwe na kupasuliwa. Kabla sijakubali kazi kubwa namna hiyo, ningependa kujua kama yupo mwenye sababu ya kufikiri vinginevyo.

Spana Kumi

Ndugu Chuma cha Kale, usikubali injini ishushwe kwa sasa. Dalili uliyoitaja mwishoni ndiyo inayonifanya niseme hivyo. Uma iliyopinda hubaki imepinda injini ikiwaka au ikizimwa, kwa hiyo kama leva inalainika mara tu unapozima, ugumu huo unaletwa na nguvu ya injini ambayo bado inafika kwenye giaboksi wakati wewe unaamini kuwa umeikata. Kwa maneno mengine, klachi yako haiachii kikamilifu.

Inafaa kuelewa kinachotokea ndani. Katika giaboksi ya pikipiki kama hii, meno makuu ya gia yameshikana wakati wote na hayaachani kamwe. Unapobadilisha gia, uma husogeza gia moja pembeni juu ya shafti yake ili vijino vyake vya ubavuni viingie kwenye nafasi za gia ya jirani. Vijino hivyo huteleza kwa urahisi visipobeba mzigo. Klachi ikiachia nusu tu, shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi inaendelea kusukumwa, vijino vinabanwa ukingo kwa ukingo, na mguu wako unapigana na injini nzima. Ndiyo maana nyutro, ambayo ni nafasi finyu kati ya gia ya kwanza na ya pili, huwa ya kwanza kupotea.

Fanya majaribio haya kabla ya kufungua chochote. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa, kisha zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono huku ukipitisha leva kwenye gia zote, kupanda na kushuka. Ni lazima gurudumu lizunguke, kwa sababu vijino visipokutana na nafasi zake, hata giaboksi mpya itakataa. Gia zote tano zikiingia bila kukwama, uwezekano wa uma au dramu ya gia (ile inayozunguka na kuzisogeza uma) kuwa na kasoro kubwa unapungua sana.

Baada ya hapo washa injini ipate moto, gurudumu la nyuma likiwa bado hewani, bana klachi na uingize gia ya kwanza. Gurudumu litazunguka kidogo kwa sababu oili iliyo kati ya pleti za klachi hubeba mwendo. Hilo ni la kawaida. Mikono na nguo zikae mbali na spoku na cheni. Kanyaga breki ya nyuma taratibu ukisikiliza injini. Klachi inayoachia vizuri itaruhusu gurudumu lisimame na injini isibadilike hata kidogo. Injini ikishuka mzunguko au ikitaka kuzima, umepata ushahidi wako.

Kama una uzoefu wa kutosha, lipo pia jaribio la barabarani: ukiwa gia ya tatu katika mwendo wa wastani, weka mguu chini ya leva kwa mgandamizo mdogo, kisha punguza mafuta ghafla kwa muda mfupi bila kugusa klachi. Gia ya nne ikiingia laini kuliko unapotumia klachi, giaboksi haina hatia.

Sasa njoo kwenye waya, maana hapo ndipo ningeanzia mimi. Mwendo wote wa pleti ya kubana ni mdogo sana, na unagawanywa kati ya pleti zote zilizopangwa ndani, hivyo kila milimita inayopotea njiani kutoka mkononi ina thamani. Chomoa waya kwenye mkono wa klachi na uangalie kile kichwa chake cha mviringo. Kinatakiwa kuzunguka chenyewe ndani ya tundu lake kila unapobana. Kikikauka, hakizunguki, na nyuzi za waya hukunjwa mahali pale pale mpaka zinaanza kukatika moja moja, karibu kabisa na kichwa, ambapo huzioni bila kuutoa. Halafu mwombe mtu abane mkono huku wewe ukitazama gamba la nje la waya kwa urefu wake wote. Gamba linalojinyoosha au kusogea linakula mwendo ambao ungefika kwenye klachi.

Mpangilio wa kurekebisha nao una utaratibu wake. Legeza kwanza marekebisho ya waya, kisha rekebisha skrubu ya kuachia klachi iliyo kwenye kava la upande wa kushoto: legeza nati yake ya kufunga, zungusha skrubu mpaka uhisi imegusa, irudishe nyuma kidogo kwa kiasi kinachotajwa na mwongozo, halafu ufunge nati bila kuiacha skrubu izunguke nayo. Mwisho kabisa ndipo urudi kwenye waya na kuacha ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi, kipimo ambacho pikipiki nyingi za barabarani hukitaka. Watu wengi huvuta waya tu hapo juu kila mwaka, na matokeo yake ule mkono wa chini, unaovutwa na waya ili kuachia klachi, unaanza safari yake ukiwa tayari umepita pembe yake nzuri, hivyo unavuta sana na kuinua kidogo.

Mzee wa Gasketi

Nakubaliana na ndugu Spana Kumi kwa sehemu kubwa, ila jaribio la kupandisha gia bila klachi nisingemshauri mtu ambaye bado hajui hali ya vijino vyake. Kama vimeshalika pembe, kuvilazimisha kunavimaliza. Jaribio la breki ya nyuma linatosha.

Naomba niongeze kuhusu oili, kwa sababu katika CB350 oili moja hulainisha injini, giaboksi na klachi. Oili za magari za siku hizi huwa na viambato vya kupunguza msuguano, na pikipiki yenye klachi inayooga kwenye oili haivihitaji. Ndiyo sababu mwaka 1998 Wajapani walitoa kiwango cha JASO kwa oili za pikipiki: yenye alama ya MA inafaa klachi za namna hii, na yenye alama ya MB imekusudiwa injini ambazo klachi yake haikai ndani ya oili hiyo. Hata hivyo tuwe waangalifu tusichanganye mambo mawili. Oili yenye viambato hivyo kwa kawaida huifanya klachi iteleze, yaani injini inapanda mzunguko bila pikipiki kuongeza mwendo. Shida yako ni kinyume chake. Kinachoweza kukuumiza wewe ni uzito wa 20W-50 asubuhi, kwa kuwa oili nzito ya baridi hushikilia pleti zisitengane. Weka 10W-40 yenye alama ya MA, na kishindo cha asubuhi kitapungua. Ugumu wa injini ikiwa ya moto hautaondolewa na oili peke yake, na ningeshangaa mtu akikuahidi hivyo.

Kwa vile pikipiki ilikaa sana, inawezekana pia pleti zimegandana. Kabla ya kuwasha, ingiza gia ya pili, bana klachi, na uisukume pikipiki mbele na nyuma mpaka uhisi imeachia. Wenye Triumph za zamani za Uingereza wanalijua hili vizuri. Kiki ya pikipiki zile hupitisha nguvu yake kwenye klachi, na wao hubana mkono na kupiga kiki mara chache kila asubuhi ili kuzitenganisha pleti kabla injini haijawashwa.

Angalia pia mzunguko wa injini inapotulia. Ukiwa juu ya 1,200 kwa dakika kwa kiasi kikubwa, gia ya kwanza itagonga hata kama klachi ni nzima.

Chuma cha Kale

Nashukuru sana kwa maelezo yenu, nimeyafuata yote isipokuwa lile la barabarani.

Kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, gia zote tano ziliingia kwa mlio mdogo tu, bila kulazimisha. Kwa jaribio la breki, injini ilikaribia kuzima. Nilipochomoa waya nikakuta hali ile ile aliyoieleza Spana Kumi: nyuzi kadhaa zimekatika chini ya kichwa, na kichwa chenyewe kimeng'ang'ania kwenye tundu lake kwa kutu. Nimeweka waya mpya, nimepaka grisi kidogo kwenye kichwa, nimeanza na skrubu ya kushoto kisha waya, na nimeweka oili ya 10W-40 yenye alama ya MA. Injini inatulia kwenye 1,200.

Mabadiliko ni makubwa. Kupandisha gia sasa hakuchoshi mguu. Hata hivyo mambo mawili yamebaki. Nyutro bado ni ngumu kupatikana injini ikiwa ya moto, ingawa si kama mwanzo. Pia sasa ninaona jambo ambalo awali lilifichwa na ugumu ule: nikishusha gia, mara nyingine leva inabaki chini na hairudi kwenye nafasi yake mpaka niinyanyue kwa mguu, na ikishabaki hivyo siwezi kushusha gia nyingine. Nimegundua pia kuwa kikanyagio cha mguu cha upande wa kushoto kimerudi nyuma kidogo, kana kwamba pikipiki iliwahi kuangukia upande huo.

Tarishi wa Barabara Ndefu

Ndugu, leva isiyorudi ni ugonjwa wa pili, tofauti na ule wa klachi, na hicho kikanyagio kilichorudi nyuma kinanipa wasiwasi. Pikipiki ikianguka upande wa kushoto, leva ya gia hupokea pigo na kulipeleka kwenye shafti yake, ambayo ni nyembamba na huchomoza nje ya kava. Kupinda kidogo tu, ambako jicho halikuoni upesi, kunatosha kuifanya ikwaruze kwenye tundu lake kila inapozunguka.

Fungua leva uitoe kabisa. Tumia tochi utazame nafasi iliyo kati ya shafti na ukingo wa tundu la kava. Kwenye shafti iliyonyooka nafasi hiyo huwa sawa pande zote. Iliyopinda huegemea upande mmoja, na mara nyingi sili ya oili huwa imelika upande huo na kuanza kuvuja. Kisha toa kava la nyuma la kushoto, lile linalofunika sproketi ndogo ya mbele, na ujaribu kuizungusha shafti kwa mkono, ukirudisha leva kwa muda tu ili upate pa kushikia. Ikiwa inazunguka na kurudi kwa haraka kava likiwa nje, lakini inakwama kava likirudishwa, umeshajua kinachobana ni shafti iliyopinda au kava lenyewe. Ikiwa inachelewa kurudi hata bila kava, tafuta springi ya kurudishia leva, ambayo inaweza kuwa imechoka au imekatika mguu mmoja, pamoja na kile kipini kinachoishikilia, ambacho wakati mwingine hulegea.

Ukiwa hapo, safisha eneo lote la sproketi. Grisi ya cheni iliyochanganyika na mchanga huganda nyuma ya kava hilo mpaka inakuwa ngumu, na nimewahi kuona pikipiki ambayo tope hilo peke yake ndilo lililokuwa likizuia shafti.

Nakusihi usiinyooshe shafti kwa nyundo ikiwa ndani ya injini. Pigo halitaishia kwenye shafti. Litafika kwenye mkono unaosukuma dramu ya gia na kwenye ukuta wa alumini wa injini, na ukuta huo ukipasuka ndipo utakapolazimika kufanya ile kazi kubwa uliyokuwa ukiikwepa.

Mwisho, angalia leva imefungwa wapi kwenye meno ya shafti. Baada ya kuanguka, watu huizungusha jino moja juu au chini ili iendane na kikanyagio kilichopinda. Ikikaa juu mno, kifundo cha mguu huishiwa mwendo kabla gia haijaingia kikamilifu, na dereva hudhani giaboksi ndiyo ngumu. Wenye pikipiki za Uingereza zilizohamishiwa leva kutoka kulia kwenda kushoto, baada ya Marekani kulazimisha hivyo kwa pikipiki za kuanzia mwaka 1975, wana mzigo zaidi, kwa kuwa baadhi yake zina viungo vya ziada vya kuvusha mwendo upande wa pili, na kila kiungo kilicholika huongeza ulegevu na ugumu kwa pamoja.

Spana Kumi

Tarishi ameeleza vizuri na sina la kuongeza kuhusu shafti, isipokuwa kwamba kama itabidi itolewe, sehemu za kubadilishia gia zimekaa nyuma ya klachi, upande wa kulia. Hiyo ina maana kazi zote mbili zilizobaki zinakutana chini ya kava moja, na injini inabaki kwenye fremu.

Mwaga oili, toa kiki na kikanyagio cha kulia, halafu ulegeze skrubu za kava kidogo kidogo kwa zamu. Skrubu za Honda za miaka ile hupenda kuharibika kichwa, kwa hiyo tumia bisibisi inayokaa sawasawa, uigonge kichwani kabla ya kuzungusha. Bolti za springi za klachi nazo uzilegeze kwa kukingamana, si moja mpaka mwisho.

Toa pleti moja baada ya nyingine na uzipange kwa mfuatano wake. Zile za chuma zilaze juu ya kioo kinene na upitishe kipimo chembamba cha nafasi chini yake. Miongozo mingi ya pikipiki za aina hii huweka kikomo cha kupinda kwenye milimita 0.3, iliyozidi hapo haitalala sawa na jirani zake, na itaendelea kugusa hata klachi ikiwa imeachia. Madoa ya buluu juu ya chuma yanaonyesha kuwa pleti iliwahi kuungua. Springi zipime urefu zote, kwa sababu moja ikiwa fupi kuliko wenzake, pleti ya kubana huinuka kwa kuegemea upande mmoja.

Lakini mahali ninapotaka utumie muda wako ni kwenye nyumba ya klachi. Itazame kwa mwanga wa pembeni. Ina vidole vya alumini vinavyosimama kuzunguka pleti, na masikio ya pleti za msuguano hukaa katikati ya vidole hivyo. Kila unapoongeza mafuta, masikio hayo hugonga ubavu wa kidole, na kwa kuwa alumini ni laini, baada ya miaka mingi huchimba vijishimo, kimoja kwa kila pleti. Pitisha ukucha taratibu kutoka juu ya kidole kwenda chini. Ukucha ukikwama, pleti nazo zinakwama: unabana klachi, shinikizo linaondoka, lakini masikio yamebaki ndani ya vijishimo vyake na pleti hazisogei kando zikaachana. Hiyo ndiyo aina ya klachi isiyoponywa na waya mpya, na inalingana kabisa na nyutro yako inayokataa.

Vijishimo vikiwa si vya kina, vinaweza kusawazishwa kwa tupa bapa laini. Shika tupa ikiwa imenyooka sambamba na kidole, ondoa kiasi kidogo, na ondoa kwa usawa katika vidole vyote, maana kidole kimoja kikibaki kimejitokeza ndicho kitakachobeba mzigo wote. Acha mara ukucha unapopita bila kukwama, hata kama alama bado zinaonekana kwa jicho. Kama kina ni kikubwa kiasi kwamba kidole kitakuwa chembamba, nunua nyumba nyingine. Kumbuka kuwa pampu ya oili imeunganishwa na nyumba hiyo na hutoka nayo, hivyo itunze na uifunike isiingie vumbi la alumini. Meno ya kitovu cha klachi, ambako pleti za chuma hukaa, yachunguze kwa njia ile ile.

Ukiweka pleti mpya za msuguano, ziloweke kwenye oili ile ile ya injini usiku kucha. Safisha pia kichujio cha kuzunguka kilicho mbele ya klachi, kwa kuwa uchafu wa oili wa miaka mingi hukusanyika humo.

Chuma cha Kale

Kazi imekamilika, na yote mawili yalikuwa kama mlivyosema. Vidole vya nyumba ya klachi vilikuwa na vijishimo vya kukwamisha ukucha, ila si vya kina, nikavisawazisha kwa tupa. Pleti moja ya chuma ilizidi kile kikomo cha kupinda, nayo nimeibadilisha pamoja na zote za msuguano. Shafti ya gia ilikuwa imepinda karibu na meno ya leva. Nimeweka nyingine iliyonyooka na sili mpya. Sasa nyutro inapatikana injini ikiwa ya moto na nikiwa nimesimama, leva inarudi yenyewe, na kushusha gia kunafanyika kwa kidole gumba tu.

Naomba kuuliza jambo moja la mwisho. Asubuhi, mara ya kwanza ninapoingiza gia ya kwanza, bado kuna mlio, mdogo kuliko zamani, na pikipiki hairuki tena mbele. Je, kuna kitu nimekiacha?

Mzee wa Gasketi

Hujaacha kitu. Oili ya baridi bado inazungusha ile shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi kwa muda baada ya klachi kubanwa, na vijino vya gia ya kwanza vinakutana na shafti ambayo haijasimama. Bana klachi, subiri sekunde chache shafti ipungue mwendo, kisha ingiza. Mlio utakaobaki baada ya kusubiri hivyo ni wa vijino kuingia mahali pake, na hata CB350 iliyotoka kiwandani ilikuwa nao.

Baada ya safari zako za mwanzo, rudia kukagua ulegevu wa mkono wa klachi, kwa sababu waya mpya hunyooka kidogo na pleti mpya hukaa.